Sarafu Moja ya Dada Yangu

Ule ulikuwa mwaka tuliokula ugali wa muhogo siku ya Krismasi. Ukimwambia Mhaya hivyo, hana haja ya kukuuliza ni mwaka gani. Mnyauko uliingia migombani kutokea upande wa ziwa. Ndizi zikawa zinaiva kabla hazijakomaa, ukikata shina linatoa usaha wa njano, na bwana shamba akapita nyumba kwa nyumba akisema kateni, fukieni, msibakize. Nilikata kwa mkono wangu migomba ambayo mama yangu aliipanda kabla sijazaliwa. Krismasi ikafika, nimechinja jogoo, mchuzi unanukia hadi barabarani, na katikati ya mkeka limekaa bonge la ugali la rangi ya udongo. Mjukuu wangu mmoja akatazama huku na huku akauliza, "Bibi, chakula kiko wapi?" Maana kwetu ndizi ndiyo chakula. Vingine ni vya kujazia tumbo.

Naanza hapo kwa sababu kama migomba isingekufa, dada yangu asingethubutu kufikiria kuuza kibanja.

Nieleze kibanja. Ni nyumba na migomba na kahawa inayoizunguka, na makaburi ya watu wenu humo humo. Chetu kiko Muleba, juu kidogo ya barabara ya mabasi. Baba yetu hakupata mtoto wa kiume. Alitupata sisi wawili, dada na mimi, na wanaume wa ukoo walikuwa wanamhesabia siku ili wagawane. Baba akawawahi. Akamwita mchungaji na mwenyekiti wa kitongoji, akaandikisha kwamba kibanja ni cha binti zake wawili, na kwamba hakuna wa kukiuza bila alama ya kidole cha mwenzake. Wanaume wakacheka mbele yake. Mmoja akasema, "Unawapa wanawake kibanja? Watakiuza wanunue kanga." Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiwapa kahawa za kutafuna, zile tunazompa kila mgeni. Nilisikia. Tangu siku ile nimeishi ili maneno yale yawe uongo.

Mume wangu alipokufa nilirudi pale. Nina wajukuu tisa, sita kati yao vitovu vyao vimefukiwa kwenye migomba ya pale. Mmoja ni nesi, mmoja anafundisha sekondari, na wadogo wote wanajua kusoma kunishinda mimi niliyeishia darasa la nne. Sisemi hivi kujisifu. Au najisifu, basi, nani atanikataza?

Dada yangu aliolewa Bukoba mjini, na alipofiwa alibaki huko huko. Alikuwa anauza samaki wa kukaanga karibu na stendi, na msimu wa senene anauza senene. Mwanamke safi, sauti kubwa, kitenge kimenyooka kama kimepigwa pasi mwilini. Kanitangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Tangu utoto yeye ndiye aliyekuwa mbele na mimi nyuma.

Sasa, mwezi wa pili, mama mmoja tunayesali naye alishuka kwenye basi pale Muleba akanijia sokoni. Hakunisalimu vizuri. Akasema, "Dada yako hauzi samaki siku hizi. Anashinda kwenye mashine." Nikamuuliza mashine gani, ya kusaga? Akacheka, "Waitu, ndugu yangu, ingekuwa ya kusaga angalau angerudi na unga."

Kesho yake nikapanda basi. Tulipopita Kemondo nikaona ziwa, nikajua Bukoba imekaribia.

Nilimkuta asubuhi, saa nne, jua linawaka nje, yeye ndani. Ni chumba nyuma ya baa, kimewekewa pazia zito mlangoni. Zile mashine za matunda na namba, ambazo watu wanaziita dubwi, zilikuwa tatu ukutani. Ya nne ilikuwa ya karata, na hiyo ndiyo aliyokaa mbele yake, juu ya stuli ndefu, miguu haifiki chini. Dada yangu, aliyeimba kwaya miaka thelathini, amekaa kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

"Mdogo wangu!" akasema, bila kugeuka. "Kaa hapa. Usiongee kwanza."

Nikakaa. Mashine inakuonyesha karata tano kwenye kioo. Unazitaka zipi, unabonyeza chini yake zinabaki. Usizozitaka inazifuta, inakupa nyingine. Zikilingana kwa namna fulani, inakulipa. Zisipolingana, imekula. Sarafu zenyewe ni za mia mbili, unazichukua kwa binti aliyekaa nyuma ya wavu. Unaweza kuweka moja, mbili, mpaka tano. Kuna kitufe kimoja chekundu, ukikipiga kinaweka tano kwa mpigo.

Dada hakukigusa. Alikuwa anaweka moja. Moja. Moja. Akanieleza kwa sauti ya mtu mwenye akili, "Hawa vijana wanaweka tano, saa moja wameisha, wanaomba nauli. Mimi naweka moja, nakaa mpaka adhuhuri. Ni kama kwenda kwa jirani kuongea. Sipotezi kitu."

"Na samaki?"

"Samaki watakuwepo kesho."

Waendesha bodaboda wawili walikuwa nyuma yetu wanasubiri stuli. Mmoja akasema kwa sauti, ili tusikie, "Bibi anaweka moja, anaogopa mashine itavimbiwa." Mwenzake akaongeza, "Analea kifaranga huyo." Wakacheka. Dada hakujali. Mimi ndiye niliyejali. Uso uliniwaka moto.

Hapa lazima niseme jambo letu la kanisani, maana ndipo kosa langu lilipotoka. Sisi Walutheri wa kule, mtu asiye na hela analeta sadaka ya kitu: mayai, kuku, mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha, tunatoka nje na vile vitu vinapigwa mnada pale pale uwanjani. Watu wanapandisha mia mia, mia mbili mia mbili, wanataniana, yai moja linaweza kuuzwa mara tatu kwa sababu aliyelinunua analirudisha. Baba yetu hakuwa anapandisha. Alikuwa ananyamaza mpaka mkungu mkubwa utolewe, kisha anasimama anataja bei ya juu kabisa, mara moja, bei ambayo hakuna mtu angeifikia. Uwanja wote kimya. Anabeba mkungu wake begani anaondoka, na sisi binti zake wawili nyuma yake, shingo zimesimama. Hata mimi nikawa hivyo. Pale kanisani wananijua. Nikisimama, wengine wanakaa.

Kwa hiyo nilipowasikia wale vijana wakimcheka dada, na mkono wake ukaweka moja tena, niliona aibu kana kwamba tuko uwanjani na ukoo mzima unatutazama.

Na ndipo karata zikaja. Mfalme wa kopa. Malkia wa kopa. Ree ya kopa. Jeki wa kopa. Na takataka moja. Dada akazishika nne, akaifuta ile moja. Ikaja kumi ya kopa.

Mashine ikapiga kelele kama ng'ombe aliyekanyagwa. Taa zikawaka juu kote. Wale vijana wakaruka, mwenye baa akaja mbio na kitambaa cha kufutia vikombe mkononi, binti wa wavuni akasimama. Kila mtu akatazama kioo, kisha wakatazama pale chini panapoonyesha umeweka ngapi.

"Moja!" kijana mmoja akashika kichwa. "Ameweka moja! Mungu wangu, bibi ameweka moja!"

Mwenye baa akatueleza, maana hatukuelewa kwa nini wanaomboleza. Karata zingine zote, ukiweka tano unalipwa mara tano ya mtu aliyeweka moja, ni sawa. Lakini ile ya juu kabisa, ile ya kifalme, siyo hivyo. Ukiweka moja unapata sarafu mia mbili na hamsini. Ukiweka tano, unapata elfu nne. Dada alipewa elfu hamsini. Kama angepiga kile kitufe chekundu, angepewa laki nane.

"Bibi, tangu mashine hii iletwe sijaiona ikitoa hiyo," mwenye baa akasema. "Sijui kama itatoa tena."

Mtu mwingine angechukua elfu hamsini akacheza ngoma hadi nyumbani. Dada akazipokea, akazitazama, na nikaona uso wake unabadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyepata. Ulikuwa uso wa mtu aliyeibiwa. Na wale vijana hawakunyamaza. "Laki nane, bibi! Kwa kuogopa mia nane tu!"

Na mimi, badala ya kumshika mkono tutoke, nilisema. Nilisema kwa Kihaya, ili wale wengine wasisikie, lakini nilisema. "Baba angeweka tano."

Dada akanigeukia. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa siri aliyokuwa anaitafuta.

Nikarudi Muleba jioni ile ile nikijiambia imekwisha. Haikuwa imekwisha. Yule mama wa kanisani akawa analeta habari kila anaposhuka kwenye basi, na kila habari iliniingia kama maji baridi mgongoni. Dada anaweka tano sasa. Dada ameuza jiko la kukaangia. Dada hakuja kwaya. Dada ametukana mtu aliyekalia stuli yake. Nilikuwa naogopa kulisikia basi likipiga honi. Niko kwenye kahawa, napalilia, honi inalia kule chini, jembe linasimama lenyewe.

Wiki moja kabla ya Pasaka nikaenda tena. Nilimkuta pale pale. Kitenge kimekunjamana. Miguu imevimba kwa kuning'inia. Kile kitufe chekundu kilikuwa kimefutika rangi katikati, na kidole chake kiko juu yake muda wote, hakitoki. Tano. Zimekwenda. Tano. Zimekwenda. Hata karata hazitazami vizuri, anatafuta kopa tu. Anafuta jozi nzuri za kulipwa kwa sababu si kopa!

Nikasema, "Dada, mbona unafuta zinazolipa?"

"Hizo ni za watu wa moja moja," akasema.

Mashine ni ile ile, karata ni zile zile. Kilichoongezeka ni kwamba anaisha mara tano upesi. Hilo hata mimi wa darasa la nne nililiona. Nikamwambia. Akacheka, kicheko ambacho sikukijua.

"Weka wewe," akasema. "Una mkono mpya. Piga hicho chekundu, mara moja tu, kisha tuondoke. Naapa."

Nikapiga. Nilitaka tuondoke, Mungu anajua. Lakini nisidanganye watu. Karata zilipofunguka zilikuja kopa tatu, kubwa. Sikumwona dada. Sikukumbuka basi. Nilikuwa nimeinama mbele mpaka pumzi yangu inafanya ukungu kwenye kioo. Nikafuta mbili, zikaja takataka, imekula. Na kabla sijajua ninachofanya, kidole changu kilikuwa kimerudi juu ya kitufe. Hakuna aliyeniambia nirudi. Kilirudi chenyewe.

Nikauvuta mkono kama nimegusa sufuria la moto. Nikatoka nje ya lile pazia, jua likanipiga usoni, nikakaa juu ya kreti la soda mpaka mtu akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nimeogopa vitu vingi katika maisha yangu. Niliogopa vita ya Amin nilipokuwa binti, mabomu yakisikika toka kaskazini. Lakini ile ilikuwa hofu ya kitu cha nje. Hii ilikuwa ya mkono wangu mwenyewe.

Dada hakutoka. Nilisubiri hadi basi la mwisho.

Alikuja Muleba baada ya Pasaka, siku ya Jumanne, saa tano mchana. Nilimwona anapanda kutoka barabarani na mwanamume mmoja wa mjini, viatu vyeusi, bahasha kwapani. Nikajua. Sikuhitaji kuambiwa. Nilisimama mlangoni nikashika fremu.

Nikawakaribisha kama inavyotakiwa. Nikawatandikia mkeka, nikaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Yule mwanamume akachukua mbili kwa adabu. Dada hakuchukua. Mgeni asiyechukua kahawa nyumbani kwa baba yake mwenyewe, hilo sikuwahi kuliona.

"Mzee huyu anataka kiwanja kando ya barabara," dada akasema. "Ajenge nyumba ya wageni. Anatoa hela nzuri, taslimu, leo."

"Kiwanja gani?"

"Hiki."

"Hiki ni kibanja."

"Kibanja kiko wapi?" Akanyoosha mkono nje. Na kweli, kama ungetazama, ungeona mashimo na visiki na kahawa zimesimama uchi. "Migomba imekufa. Unalala juu ya makaburi na muhogo. Hiki si kibanja, mdogo wangu, ni udongo."

"Machipukizi nimeshaomba. Mwaka ujao napanda."

"Mwaka ujao!" Akasogea karibu. Alinuka moshi wa chumba kile. "Sikiliza. Ile mashine ina hela yangu. Nimeijua sasa. Shida yangu ni kwamba naenda na kidogo, nafika katikati naishiwa, anakaa mwingine anavuna. Nikiwa na za kutosha, nikaweka tano bila kusimama, siku mbili, siku tatu, itatoa. Lazima itoe. Nitakununulia kibanja mara mbili ya hiki, na migomba imesimama."

"Na isipotoa?"

"Unaona? Wewe ndiye mtu wa moja." Akacheka. "Nani aliyeniambia? Nani aliyeniambia baba angeweka tano?"

Yule mwanamume akatazama viatu vyake. Nilitaka kusema kwamba baba alikuwa anataja bei ya mkungu anaouona, mkungu ulio pale, aliouinua kwa macho akaujua uzito wake, na mwisho wa siku anaubeba nyumbani. Nilitaka kusema kwamba nilisema kwa kiburi, kwa sababu vijana wawili wa pikipiki walitucheka. Nilitaka kusema nisamehe. Badala yake nikamsogezea tena kikapu cha kahawa.

Mwanamume akafungua bahasha. Karatasi mbili. Akatoa na kile kisahani cha wino wa muhuri, akakifungua juu ya mkeka. Dada akabonyeza dole gumba lake kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi, upesi, bila kusoma. Mpigo mmoja, kama anavyopiga kile kitufe. Kisha akanishika mkono.

Sijawahi kujua kwamba ana nguvu vile. Mwanamke wa miaka sitini na nane. Alinivuta mpaka goti langu likagonga sakafu, akakunjua vidole vyangu kimoja kimoja kama anamenya, akalipata dole gumba akaliminya kwenye wino. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mkono wangu, kwa macho yale ya kutafuta kopa. Nikaogopa kwamba akinivunja kidole hatasikia. Nikaogopa pia, na hili naliandika kwa aibu, kwa sababu sehemu fulani ndani yangu ilinong'ona: na kama ikitoa? Laki nane mara ngapi? Ilinong'ona kwa sauti niliyoijua, ile ya kwenye kioo chenye ukungu.

"Mama, taratibu," yule mwanamume akamwambia dada. "Mimi sitaki karatasi ya kushikana. Aweke mwenyewe kwa hiari, au nirudi zangu."

Dada akaniachia. Dole gumba langu lilikuwa jeusi hadi kwenye kifundo. Karatasi iko mbele yangu, nafasi ya kidole changu iko wazi, pembeni ya chake ambacho bado kimelowa.

"Mdogo wangu," akasema, sasa kwa upole, na machozi yakaanza kumtoka, na hayo yaliniogopesha kuliko nguvu zake. "Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Nakuomba. Weka."

Nikaufumba mkono, wino ukaingia kwenye kiganja. Nikasema:

"Hapa sikuwekei kidole, hata ukinichukia mpaka tuzikwe."

Yule mwanamume akaanza kufunika wino wake. Dada akamzuia mkono. Akanitazama kama mtu anayesubiri karata ya mwisho ifunguke.

"Rudia," akasema. "Umesemaje?"

"Hapa sikuwekei kidole, hata ukinichukia mpaka tuzikwe."